Saa 30 Ndani ya Barafu: Jinsi Figo Ilivyoweza Kusafiri

Leo tunaweka kando Linux na PHP, zitatungoja. Nataka tuzungumzie tatizo ambalo mtu yeyote wa mitandao ya tarakilishi angelitambua mara moja, ingawa waliohangaika nalo walikuwa madaktari wa upasuaji. Kuna kitu kiko mahali A. Kinahitajika mahali B. Na kinaanza kuharibika dakika ile ile kinapoondolewa A. Kitu chenyewe ni figo ya binadamu.

Figo ikikosa damu huku bado ina joto la mwili, ina nusu saa hivi, labda saa nzima, kabla ya madhara makubwa kuanza. Lakini siku hizi, katika nchi zenye utaratibu huo, figo ya mtu aliyefariki hutolewa katika mji mmoja jioni, ikasafiri usiku, ikapandikizwa kwa mgonjwa katika mji mwingine kesho yake. Tukisikia habari za upandikizaji wengi wetu hufikiria kisu cha daktari, au zile dawa za kuuzuia mwili usikatae kiungo kigeni. Ni kweli, bila hivyo hakuna upandikizaji. Lakini kilichoifanya figo isafiri ni barafu na maji ya chumvi, na kwa maoni yangu maji hayo hayajapewa sifa yanayostahili. (Madaktari mlioko humu, nikiteleza mnisahihishe.)

Tuanze na pale ilipokosekana kabisa. Mwaka 1933, katika mji wa Kherson nchini Ukraine, daktari Yurii Voronoy alimpandikizia mwanamke wa miaka 26 figo ya mwanamume wa miaka 60. Mwanamke huyo alikuwa amekunywa sumu ya zebaki na figo zake zikawa zimekufa. Huu ndio upandikizaji wa kwanza unaojulikana wa figo kutoka kwa binadamu mmoja kwenda kwa mwingine. Mtoaji alikuwa amefariki kwa muda wa saa 6. Mgonjwa alikufa baada ya siku 2. Watu husema kosa lilikuwa makundi ya damu, kwa sababu hayakulingana, na ni kweli hayakulingana. Lakini hata yangelingana, figo iliyokaa saa 6 bila damu na bila ulinzi wowote isingeweza kumwokoa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1935, mjini New York, watu wawili wasiofanana hata kidogo walitangaza mashine ya kuweka viungo hai nje ya mwili. Mmoja alikuwa Alexis Carrel, Mfaransa aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi yake ya kuunganisha mishipa ya damu na kupandikiza viungo. Mwingine alikuwa Charles Lindbergh, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Rubani anatafuta nini maabara? Shemeji yake alikuwa na ugonjwa wa moyo, naye akauliza swali la kihandisi: kwa nini hakuna pampu ya kushikilia kazi wakati moyo unatengenezwa? Akatengeneza pampu ya kioo isiyoruhusu vijidudu kuingia, na Carrel akaitumia kuweka hai tezi za paka na viungo vingine kwa siku kadhaa. Haikumsaidia mgonjwa yeyote wakati huo. Ila wazo la kukipa kiungo chakula na oksijeni kwa mashine lilibaki hewani, na tutakutana nalo tena.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu ulikuja tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston. Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick wakampa pacha wake Richard. Walikuwa mapacha wa kufanana, kwa hiyo mwili wa Richard haukuiona figo hiyo kama ya mgeni. Aliishi miaka 8 zaidi. Tazama sasa upande wa usafiri: ndugu hao wawili walikuwa katika vyumba vya upasuaji vya hospitali hiyo hiyo, na figo ilikaa bila damu kwa dakika 82. Kwa lugha yetu, mteja na seva walikuwa kwenye mashine moja, hakuna mtandao. Njia hiyo inafanya kazi vizuri ukiwa na ndugu aliye tayari kutoa figo yake. Usipokuwa naye je?

Hapo ndipo ubaridi unapoingia, na inabidi tusimame kidogo tuelewe unafanya nini, maana wengi hudhani barafu "inasimamisha" kila kitu kama nyama kwenye friji. Haisimamishi. Seli ya figo ni kama ofisi yenye wafanyakazi wengi, na mmoja wao muhimu ni pampu ndogo iliyo kwenye ukuta wa seli. Kazi yake ni kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, usiku na mchana, kwa kutumia nishati inayotengenezwa kwa oksijeni. Figo ikipozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, matumizi yake ya nishati hushuka hadi kama asilimia 10 ya kawaida. Hiyo ni habari njema, kwa sababu akiba ndogo iliyopo itadumu. Habari mbaya ni kwamba ile pampu nayo hulala. Sodiamu inapenya ndani, potasiamu inatoroka, maji yanaifuata sodiamu, na seli inavimba polepole kama maharagwe uliyoyaloweka usiku. Kwa hiyo ubaridi unatatua tatizo moja na kuleta jingine. Kila aliyewahi kurekebisha hitilafu kwenye programu ya mtu mwingine anaijua hali hiyo.

Mwaka 1963, Uingereza, Roy Calne na wenzake walionyesha kwamba figo za mbwa zilizopozwa kwa barafu zinaweza kukaa saa 12 kisha zikafanya kazi tena. Saa 12 si haba. Lakini kama unatafuta mgonjwa anayefaa, umpime, umwite hospitali na umwandae kwa upasuaji, saa 12 zinakwisha kabla hujanywa chai.

Kutoka hapo historia inagawanyika njia mbili, zote mbili katika jimbo la California, na hapa ndipo ninapopapenda.

Njia ya kwanza ilikuwa ya Folkert Belzer, San Francisco. Yeye alirudi kwenye wazo la pampu, lakini akiwa na ubaridi: figo iwe baridi, na wakati huo huo isukumiwe plazima, yaani yale maji ya damu yasiyo na chembe nyekundu, ili ipate lishe na taka ziondoke. Tatizo, kila walipojaribu, baada ya muda mishipa midogo ya figo iliziba. Ilibainika kwamba mafuta yaliyoungana na protini ndani ya plazima yalikuwa yanashikana na kuwa vijidonge. Dawa yake ilikuwa rahisi ajabu: gandisha plazima kwanza, iyeyushe, vijidonge vijitokeze, uvichuje, kisha ndiyo uitumie. Mwaka 1967 Belzer na wenzake waliripoti figo za mbwa zilizokaa saa 72 kwenye mashine. Siku 3! Mwaka 1968 wakaripoti figo ya binadamu aliyefariki iliyokaa saa 17 kisha ikapandikizwa na kufanya kazi.

Sasa fikiria unataka kuipeleka figo hiyo mji mwingine. Mashine ni kubwa, ina pampu, ina kipoza joto, inahitaji umeme, na inahitaji mtu anayeijua akae nayo njia nzima. Pampu ikikwama barabarani, umepoteza figo.

Njia ya pili ilikuwa Los Angeles, kwa Geoffrey Collins akifanya kazi na Paul Terasaki. Terasaki anastahili makala yake mwenyewe. Akiwa kijana alifungiwa kambini na familia yake pamoja na Wamarekani wengine wa asili ya Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye, mwaka 1964, akatoa kipimo cha kulinganisha tishu za watu kwa kutumia tone dogo sana la damu. Kipimo hicho kilibadilisha swali lenyewe. Zamani swali lilikuwa "nani yuko karibu?" Sasa likawa "nani anafanana na mtoaji huyu?" Na anayefanana huenda yuko umbali wa kilomita 2,000. Unaona jambo lilivyokuwa: kompyuta na maabara zinaweza kumpata mgonjwa sahihi, lakini figo haiwezi kumfikia.

Collins alifanya kitu ambacho ukikiona unajiuliza kwa nini hukukifikiria wewe. Kama seli inavimba kwa sababu sodiamu iko nje na potasiamu iko ndani na kila moja inataka kuhama, basi usipigane nazo. Badilisha maji ya nje yafanane na ya ndani. Potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, fosfeti, magnesiamu, na sukari ya glukosi ya kuzuia maji yasiingie. Kukiwa hakuna tofauti pande mbili za ukuta, hakuna haja ya kuhama, na ile pampu inaweza kulala salama. Unaisafisha figo kwa maji hayo yakiwa baridi kupitia mshipa wake mkubwa, unaifunga kwenye mfuko, unaiweka kwenye sanduku lenye barafu. Basi. Mwaka 1969 waliripoti figo za mbwa zilizohifadhiwa hivyo kwa saa 30.

Kwenye makaratasi mashine ya Belzer ilikuwa imeshinda, saa 72 kwa 30. Lakini sanduku la barafu halihitaji umeme, halina pampu ya kukwama, linabebwa na mtu yeyote, linapanda teksi na ndege. Ni sanduku la aina ile ile unayowekea soda ukienda Nyayo kutazama Gor Mahia. Vituo vingine viliendelea na mashine, lakini takwimu za miaka ya 1970 hazikuonyesha faida iliyo wazi ya kuwashawishi wengine wabebe mzigo huo wote, na sanduku likasambaa dunia nzima. Sisi wa programu tumeuona mchezo huu mara nyingi: kilicho rahisi na kinachotosha kinakishinda kilicho bora na kinachosumbua. Huwa tunakilalamikia. Hapa mimi silalamiki hata kidogo.

Na kilichofuata kinatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1967 Jon van Rood alikuwa ameanzisha Eurotransplant huko Leiden, Uholanzi, ili wagonjwa wa nchi kadhaa wawe kwenye orodha moja pamoja na aina za tishu zao. Watu wa Eurotransplant walichukua maji ya Collins na kuyarahisisha kwa kuondoa magnesiamu, ambayo ilikuwa na tabia ya kushikana na fosfeti na kufanya fuwele, wakayaita Euro-Collins. Marekani, mwaka 1977, shirika la kukusanya viungo la majimbo ya kusini mashariki liliwasha mfumo wa kompyuta wa kulinganisha watoaji na wagonjwa, nao wakauita United Network for Organ Sharing. Jina hilo la programu ndilo baadaye, mwaka 1984, likawa jina la shirika zima, UNOS. Hifadhidata ya nchi nzima ina maana gani kama figo inakufa kabla ya kufika uwanja wa ndege? Maji ya Collins ndiyo yaliyoipa kazi.

Belzer hakukata tamaa. Mwaka 1974 alihamia chuo kikuu cha Wisconsin, Madison, na huko, akiwa na mwanakemia James Southard, akaja kuwashinda watu wa barafu kwa silaha yao wenyewe. Katika miaka ya 1980 walitengeneza maji mapya, yanayojulikana kama UW. Yaliyomo ukiyasoma utadhani ni mapishi ya mganga. Kuna rafinosi, sukari inayopatikana kwenye maharagwe na ambayo ndiyo hutujaza gesi tumboni. Imo kwa sababu ni kubwa, haipenyi ndani ya seli, hivyo inashikilia maji nje. Glukosi ya Collins ilikuwa inapenya taratibu. Kuna wanga, kuna adenosini ya kusaidia kutengeneza nishati tena, na kuna alopurinoli, dawa ile ile wanayomeza wazee wenye jongo.

Dawa ya jongo inafanya nini kwenye figo? Stima ikipotea nyumbani, friji haiharibiki. Inaharibika stima inaporudi kwa kishindo. Figo nayo ni hivyo. Wakati imekaa bila oksijeni inalundika mabaki ya kemikali, na damu inaporudi ghafla na oksijeni yake, kimeng'enya fulani kinayageuza mabaki hayo na kutoa chembe kali zinazounguza seli. Alopurinoli inakizuia kimeng'enya hicho. Inafanya kazi ya kile kidude tunachochomeka ukutani kulinda televisheni. Maji ya UW yalitumika kwa kongosho la binadamu mwaka 1987, kisha ini, ambalo kabla ya hapo lilikuwa linapewa saa chache tu, na figo pia. Kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa kipimo cha wengine wote.

Lakini swali la 1969 lilikuwa halijajibiwa kwa haki: mashine au sanduku? Jibu lilikuja Januari 2009, na namna lilivyotafutwa ni ya kupendeza sana kwa mtu wa kompyuta. Mtoaji aliyefariki ana figo 2. Watafiti wa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani walichukua watoaji 336, na kwa kila mmoja figo moja ikaenda kwenye mashine baridi, ya pili kwenye barafu, ikichaguliwa kwa bahati nasibu. Mtoaji yule yule, umri ule ule, kifo kile kile. Ukitaka jaribio la A na B lililo safi zaidi ya hilo sijui utalipata wapi. Figo zilizochelewa kuanza kazi, hata mgonjwa akahitaji kusafishwa damu katika wiki ya kwanza, zilikuwa asilimia 20.8 kwa mashine na asilimia 26.5 kwa barafu. Baada ya mwaka 1, figo zilizokuwa bado zinafanya kazi zilikuwa asilimia 94 kwa 90. Mashine zenyewe kufikia hapo zilikuwa zimekuwa ndogo, za betri, za kubebeka kwa mkono. Belzer alikuwa ameshafariki, mwaka 1995. Alikuwa sahihi, ila miaka 40 mapema mno kwa vifaa vya wakati wake.

Yaliyokuja baadaye nitayapitia haraka. Leicester, Uingereza, walianza kupasha figo joto la mwili kwenye mashine yenye damu kabla ya kuipandikiza, lakini jaribio kubwa lililochapishwa 2023 halikuonyesha kwamba saa 1 ya joto hilo inapunguza figo zinazochelewa kuanza. Aprili 2019, Baltimore, ndege isiyo na rubani ilibeba figo kwa dakika kama 10 hadi hospitali ilipopandikizwa. Wanyarwanda, ambao ndege za namna hiyo zimekuwa zikiwapelekea damu hospitalini tangu 2016, nadhani walitabasamu. Na mwaka 2023 huko Minnesota walipoza figo za panya kwa kasi hadi zikawa kama kioo bila kufanya fuwele za barafu, wakazihifadhi hadi siku 100, wakazipasha moto sawasawa kwa chembe ndogo za chuma, na panya 5 wakaishi nazo. Figo ya panya ni kama harage. Ya binadamu ni kama ngumi, na kupasha ngumi nzima moto kwa kasi ile ile nje na katikati ni kazi nyingine kabisa.

Nyumbani je? Kenya figo hupandikizwa, lakini kutoka kwa watoaji walio hai, mara nyingi jamaa, kama akina Herrick mwaka 1954. Figo huoshwa kwa maji baridi na kuvushwa chumba cha pili. Asiye na jamaa anayemfaa anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara 2 au 3 kwa wiki, saa kama 4 kila mara, na familia inauza ng'ombe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kuandika kwamba viungo vyake vitumike akifa. Kinachokosekana ni vituo vya kuthibitisha kifo cha ubongo na kutoa viungo kwa wakati, orodha moja ya taifa, maabara za kulinganisha tishu usiku wa manane, na familia zilizoulizwa mapema badala ya kuuliziwa mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi. Hilo la mwisho ni gumu, na mimi sina programu ya kulitatua. Lile la orodha naweza kuliandika na vijana watatu.

Usafiri usitumike kama kisingizio, maana tumekwisha kuona hesabu yake. Visanduku vya chanjo vinafika kwa pikipiki mahali pasipo na lami, na barafu iko ndani. Kisumu hadi Nairobi ni kilomita kama 350. Mombasa hadi Nairobi ni 480 hivi. Weka saa 8 za barabara, ongeza saa 3 za malori yaliyoziba Mlolongo, ongeza saa 6 za maabara na saa 2 za kumtafuta mgonjwa ambaye simu yake imezima chaji. Jumla ni 19. Maji ya Collins, ya mwaka 1969, yaliwapa wale mbwa 30.